Kopo Chini ya Mfuniko wa Chuma

Kila siku akitoka shule, Kiberiti alipitia bustani ya mji. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu aliwaka haraka. Hakwenda bustanini kubembea. Alikwenda kukagua kopo lake.

Mchezo wao ulikuwa hivi: unaficha kopo lenye daftari ndani, kisha unawapa wenzako namba za ramani za mahali penyewe. Wanazifuata kwa simu, na anayelipata anaandika jina lake na kulirudisha. Daftari la Kiberiti lilikuwa na majina thelathini na manane. Pale shuleni hakuna aliyewahi kufika arobaini.

Alhamisi ile aliinua mfuniko wa chuma kando ya vitalu vya miche. Shimoni akaona bomba na koki tu. Kopo halikuwepo.

"Unatafuta hili?"

Msimamizi wa bustani, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira, alisimama nyuma yake na kopo mkononi.

"Shikamoo. Hilo ni langu."

"Marahaba. Kopo ni lako. Na shimo ni la nani?"

"La umma," Kiberiti akajibu, kidevu juu. "Na mimi ni umma."

Msimamizi hakucheka. Akamwonyesha kitalu. Miche ilikuwa imelala chali, majani yamejikunja. "Mmoja wenu alipokuja kutafuta, alifunga koki. Siku mbili nzima nilidhani maji yamekatika mji mzima."

"Sikufunga mimi!"

"Hukufunga. Ulimwita aliyefunga. Sasa niletee kibali cha ofisi kabla ya Jumatatu. La sivyo kopo nalitupa, na mchezo wenu haukanyagi tena humu."

Kiberiti alifika nyumbani akifoka. "Shangazi, naficha jingine, tena palepale!"

Shangazi yake, fundi cherehani, alitoa pini mdomoni. "Ficha. Litachukuliwa, utaficha tena, mpaka makopo ya jikoni kwangu yaishe. Ubao wa langoni umeusoma?"

"Nani anasoma ubao, Shangazi?"

"Ahaa. Kumbe unabishana na kitu usichokijua."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alisimama langoni akausoma ubao wote, mara tatu. Kanuni ya tano ilisema ni marufuku kuacha kitu bustanini bila kibali. Haikusema mchezo umekatazwa.

Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Fomu ya mchezo wa makopo?" karani akashangaa. "Haipo. Nenda kacheze, mtoto."

"Basi niandikie kwamba nimekataliwa, na sababu yake."

"Ala! Nenda nyumbani bwana."

Kiberiti akaketi kwenye benchi. Karani akanywa chai, Kiberiti yupo. Akahudumia watu wawili, bado yupo. Naye Kiberiti hakukaa bure. Alichana karatasi akaandika kopo litawekwa wapi, kwa muda gani, na nani wa kuulizwa likileta shida. Kalamu ikasita. Akaikumbuka ile miche. Akaongeza: "Halitakaa karibu na bomba, kitalu wala kiota cha ndege."

Karani aliisoma barua, akajikuna kisogo. "Una kichwa kigumu wewe!"

"Ndiyo, na bado sijaondoka."

Karani akaipeleka ndani kwa mkubwa wake. Ilirudi na muhuri.

Jumamosi asubuhi msimamizi alimkuta Kiberiti tayari yuko kitaluni na ndoo, anamwagilia. Miche mingi ilikuwa imeinuka. Ishirini haikuinuka, na Kiberiti aliing'oa mwenyewe, akapanda mingine.

Msimamizi akasoma barua, kisha wakachagua mahali pamoja: chini ya benchi la mawe, karibu na lango.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Ubishi wako usiutupe. Utumie mlangoni, kabla hujaingia. Kitu cha umma ndicho cha kuulizia zaidi, maana wenyewe ni wengi, na wengine hujui wanakitumiaje. Kuomba ruhusa si kupiga magoti. Wewe umeomba umekaa wima."

Kisha akafungua kopo, akatoa daftari, akaandika jina lake.

"Aa, mama! Hiyo si haki! Umeonyeshwa!"

"Nani alinionyesha? Kule shimoni nililipata peke yangu," msimamizi akasema, akifunga kopo. "Tena bila simu. Mimi ni wa thelathini na tisa."