Nguzo Zilizohama

Asubuhi za likizo, Chiriku alifagia chumba cha kazi cha mama yake. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Leo alifagia kimya.

Mama yake alikuwa msanifu majengo. Mhandisi alikuwa amemletea faili la mchoro wa nguzo za zahanati, naye sasa alikuwa ameliunganisha na jengo alilolichora ndani ya kompyuta. Akakodoa macho. Nguzo zote zilikuwa zimehama kutoka kwenye kuta.

"Makubwa! Nguzo katikati ya choo!" Akampigia mhandisi simu na kufungua spika, sauti yake ikasikika chumba kizima. "Mhandisi, nguzo zako haziko mahali pake, na wachimba msingi wananisubiri."

"Basi yule binti mchoraji wa ofisini kwangu kaboronga," mhandisi alifoka. "Nimechoka! Leo hii namwachisha kazi."

Chiriku aliacha kufagia. Jana, mama alipokuwa jikoni, yeye alilifungua faili lile akachora paka mdogo, mbali kabisa na nguzo, kisha akahifadhi. "Sikugusa nguzo hata moja," alijiambia. Lakini je, kama ni yeye? Mtu asiye na hatia angefukuzwa kazi kwa sababu yake. Aliogopa pia hasira ya mama.

"Namwita sasa hivi," mhandisi alisema.

"Mama, mwambie angoje!" Machozi yalimtoka. "Jana nilichora paka humo."

Mama aliupunguza mchoro kwenye skrini hadi nguzo zikawa ndogo kama punje za mchele. Paka akaonekana, peke yake pembeni.

"Kompyuta huweka faili kwa kufuata katikati yake," alisema taratibu. "Paka wako ameivuta hiyo katikati, nguzo zote zikahama." Akamfuta paka, akaunganisha faili upya. Nguzo zikakaa ndani ya kuta.

"Nusura nimwonee mtoto wa watu," mhandisi alisema, sauti imeshuka.

Mama alimgeukia Chiriku. "Nimekasirika, sikufichi. Kazi ya mtu haichezewi. Lakini ungenyamaza, mwenzako angelipia kosa lako, nami nisingejua tatizo liko wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Kosa hurekebishwa likisemwa."

Kisha akampa simu. "Mhandisi, mpe huyo binti azungumze na mwanangu."

Chiriku aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada," alisema. "Kosa lilikuwa langu."