Neno la Mwisho la Clement Ulverscough

Clement Ulverscough alikuwa bado hai Tabitha alipomkuta, ingawa aliyempiga alikuwa amekusudia asiwe hai. Alilala chali ndani ya zizi la kale la mawe, mlimani juu ya kijiji cha Kelbeck, fuvu limebonyea upande mmoja, na vidole vya mikono yote miwili vimepondwa kwa sababu alikuwa amejikinga kichwa. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Mei mwaka 1961, jua ndiyo kwanza linachomoza.

Tabitha, mfumaji mstaafu wa kiwanda cha pamba kule Colne, alikuwa wa ukoo huohuo. Alipiga magoti topeni, akamwekea kichwa mapajani. Clement akafumbua jicho moja.

"Si Ulska," alisema.

Tabitha akamwomba anyamaze, msaada utakuja. Clement akakusanya nguvu zilizombakia, akarudia kama mwalimu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa.

"Si Ulska, Tabby. Si Ulska."

Kisha damu ikamjaa kooni, akakata roho.

Ulska ndilo jina lao. Huandikwa Ulverscough, herufi zimepangana kama mabehewa ya mizigo, lakini aliyezaliwa nalo husema Ulska tu, kama alivyosikia kwa baba yake. Katika lugha ya watu wa kaskazini waliolima bonde lile zamani za kale, maana yake ilikuwa msitu wa mbwa mwitu. Msitu ulikwisha, mbwa mwitu wakaisha, likabaki shamba lenye jina hilo, na shamba likawapa jina watu wake. Viwanda vya pamba vilipofunguliwa, wengi walishuka Colne na Burnley. Mmoja alikwenda Kanada kukata magogo. Mwingine alikwenda mbali kusini, Chatham, kuunda meli. Zaidi ya hao, jina halikujulikana popote duniani.

Clement, mwalimu mstaafu wa Burnley, alikuwa amewatafuta mmoja mmoja kwa miaka mingi. Ndani ya ukumbi wa kijiji alitundika ramani ya Uingereza na kuchomeka pini kila mahali palipokaa Ulska. Pini zilisongamana Kelbeck na kwenye miji ya pamba kama nzi juu ya asali, zikapungua kadiri ulivyokwenda mbali, na kusini kote ilisimama pini moja peke yake. Wiki ile aliwaita wote waonane kwa mara ya kwanza. Sasa walikuwa wamejaa kijijini, na aliyewaita alikuwa amelala zizini, amefunikwa koti la Tabitha.

Inspekta Enoch Lumb alifika kutoka mjini saa tatu kasoro. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wainame kumsikiliza. Alizunguka zizi mara mbili. Silaha hakuiona, ila ukutani palikuwa pameruka vipande vya jiwe pale nyundo ilipokosa kichwa. Nyundo nzito, aliwaza, ya kujengea kuta za mawe. Bonde zima, kila mkulima alikuwa nayo.

Akamuuliza Tabitha marehemu alikuwa na maana gani.

"Alikuwa anatusafisha," Tabitha alijibu, akifuta machozi kwa mkono wenye damu. "Hakutaka tushukiane. Aliyemuua si wa kwetu."

Kwa bahati mbaya alikwisha kuwaambia wengine hivyo hivyo. Konstebo wa kijiji, kijana mrefu aitwaye Dyson, alipanda mlima akihema, akasema Ulska wamemkamata Reuben Tansley nje ya baa na wanamuua.

Reuben alikuwa amekodi malisho yanayozunguka lile zizi. Jana yake wageni walikuwa wameacha lango wazi, mbwa wa mmoja wao akaingia na kumrarua kondoo mwenye mimba, na Reuben akamwambia Clement mbele ya watu wote kwamba atampasua kichwa. Sasa alikuwa amelala juu ya mawe ya barabara, sikio limechanika, meno yamemwagika mbele yake, na jitu la miraba minne lilikuwa linampiga mateke ya mbavu. Lumb hakupoteza maneno. Aliokota fimbo ya Reuben mwenyewe, akalichapa lile jitu nyuma ya goti kwa nguvu zake zote. Likaanguka kama gunia.

"Wewe nani?" Lumb aliuliza, ncha ya fimbo iko kooni mwa yule mtu.

"Wendell Ulska, wa Kanada. Babu wa babu yangu alitoka hapa. Na huyu mwanaharamu kamuua ndugu yetu."

"Ukimgusa tena, nitakufunga kwa kuua. Keti chini."

Daktari wa mifugo alitokea wakati huo, mikono ingali na damu ya uzazi hadi viwikoni. Alisema yeye na Reuben walikuwa zizini kwa Reuben tangu gizani, wakimzalisha ng'ombe aliyekwama, na wala hawakuachana. Wanaume wa Ulska wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyeomba radhi. Tabitha peke yake ndiye aliyeinama na kuanza kuokota yale meno.

Lumb akaenda shamba la Ulverscough, kiini cha ukoo wote, ambalo sasa lilikuwa la Gilbert na mkewe Hester. Hester alikuwa binti pekee wa mzee aliyekuwa wa mwisho wa jina hilo kulima pale. Gilbert alikuwa Ulska wa kusini, aliyekuja baada ya vita, akaoa, akalirudisha jina shambani. Bonde zima lilimpenda kwa hilo.

Alikuwa uani akipakia magunia matupu kwenye gari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Waya," alisema kabla hajaulizwa. "Masikini Clement. Mtu asiye na ubaya."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa kondoo, juu huko. Muda wa kuzaa huu, Inspekta. Nani analala?"

"Una ndugu Chatham?"

Gilbert aliweka gunia chini taratibu. "Sina. Mabomu yaliwamaliza wote. Ukitaka mengi zaidi mwulize mke wangu. Mimi nakwenda stesheni kuchukua chumvi ya mifugo."

Lumb hakuwa na cha kumzuilia. Waya huchana mikono ya wakulima kila siku. Akaingia jikoni, Hester akammiminia chai nzito na kumkatia kipande cha keki ya shayiri. Macho yake yalikuwa mekundu. Clement alikuwa amelala chini ya paa lile tangu Jumatano, na Hester alipoulizwa mgeni wake alikuwaje, alisema alikuwa na furaha ya mtoto. Alikuwa ameficha zawadi kwa ajili ya Gilbert, kutoka Chatham. Zawadi gani, alikataa kumwambia.

"Gilbert mwenyewe alijua?"

"Jana jioni Clement alishindwa kujizuia, akamvuta kando uani wakanong'onezana. Mume wangu aliporudi hakula. Nikajua ni mambo ya nyumbani kwao, nikamwacha."

Lumb akaomba simu. Aliwapigia polisi wa Chatham, akawaomba watafute mtu yeyote wa jina la Ulverscough aliyekuwa anajuana na marehemu, kisha akarudi kuketi. Walipokuwa wanasubiri, alimwomba Hester amsimulie jinsi alivyompata mumewe. Hester akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema baba yake alikuwa mnadani mjini, jina lake limeandikwa ubavuni mwa gari la kukokotwa, mara askari aliyetoka vitani akaja, akasema na yeye anaitwa hivyo, na vyeti vyake akavitoa.

"Baba alicheka mpaka akashika tumbo. Maana Gilbert alilitamka kama lilivyoandikwa, Ulva-skofu, herufi zote. Baba akamwambia, kijana, kumbe huko kusini mmelipoteza jina mdomoni! Akamfundisha palepale. Tulimtania mwaka mzima."

Lumb aliacha kutafuna. Alimfikiria Wendell, aliyezaliwa ng'ambo ya bahari, vizazi vinne mbali na bonde lile, ambaye alikuwa amelitamka jina vizuri hata fimbo ikiwa shingoni.

Simu ikalia. Sajini wa Chatham alisema kazi ilikuwa nyepesi, kwa kuwa mjini kote amebaki mmoja, Bibi Ivy Prentis, mke wa fundi wa boti.

"Ameolewa miaka mingi, lakini mtaani bado anaitwa Ivy Ulska."

"Rudia hilo jina."

"Ulska. Mimi nililisoma Ulva-skofu, jirani yake akanicheka."

"Naomba nizungumze naye."

"Hayupo. Jana alipanda treni kuja huko kwenu, na mchana huu atakuwa anafika. Mwalimu mmoja alimwambia kwamba kaka yake, Gilbert, yuko hai. Alipotea London akiwa likizo ya jeshi, karibu na mwisho wa vita. Jeshi liliandika kwamba alitoroka. Mama yao alikufa na aibu hiyo."

Lumb akakata simu. Clement hakuwa akiwasafisha ndugu zake. Alikuwa amemtaja muuaji wake kwa njia pekee iliyomjia, kwa jambo alilolijua kuliko mtu yeyote: kati ya wote walioitwa kwa jina hilo, kulikuwa na mmoja ambaye si Ulska.

Hester alikuwa amesimama na birika mkononi, ameikodolea macho sura ya inspekta.

"Treni ya mchana inaingia saa ngapi?" Lumb aliuliza.

"Imekwishaingia," alijibu polepole.

Dyson aliendesha gari la polisi kama kichaa. Katikati ya barabara ya stesheni inachepuka njia ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, na hapo ndipo walipoona gari la Gilbert, milango miwili wazi, na kofia ya kike kwenye majani. Walisikia ukelele mmoja, ukakatika.

Gilbert alikuwa anamburura mwanamke kwa nywele kuelekea ukingoni, nyundo mkono wa pili. Bibi Ivy Prentis hakuwa mzito, lakini hakukubali kwenda. Alikuwa ameng'ang'ania mguu wa yule mtu, na pini yake ya kofia ilikuwa imezama yote shavuni mwa Gilbert. Lumb alipomrukia, nyundo ilishuka begani mwake na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Hakumwachia. Wote wawili walianguka juu ya changarawe, Gilbert akamng'ata sikio, akaiinua nyundo tena, ndipo Dyson alipofika na kuukanyaga ule mkono, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka vidole vikafunguka.

Ivy aliketi chini, koo lake limejaa alama za vidole, akimkazia macho yule mtu.

"Stesheni alisema ametumwa na kaka yangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Njiani nikamuuliza Gilbert anaonekanaje siku hizi. Akaanza kunijibu, na hakuna lililofanana naye. Nikajua hajapata kumwona."

Simu ya karibu ilikuwa ya shambani, wakamrudisha yule mtu huko. Walimketisha kwenye kiti chake mwenyewe jikoni, amefungwa pingu. Lumb alisimama, mkono umening'inia, jasho la maumivu likimtiririka.

"Ulimuua Clement kwa sababu alikuletea dada," alisema.

Mtu yule alitazama meza. "Nilimwambia uani kwamba aje zizini alfajiri, nimweleze jambo. Nilitaka kumwomba amzuie. Nikafika nikamwambia sina dada. Nikaona usoni kwake jinsi inavyomwingia. Hakupiga kelele. Alisema tu, basi wewe si Ulska."

"Na Gilbert wa kweli?"

Ivy akasogea mbele.

"London, ile baridi ya mwisho ya vita," alisema yule mtu. "Mimi nilikuwa nimelitoroka jeshi, nimejificha chini ya nyumba iliyopigwa bomu. Akaja kujikinga. Tukagawana mkate, hakuniambia hata jina lake. Alikuwa na cheti cha likizo, mimi nilikuwa na jela inayonisubiri. Nilimkaba usingizini, nikaangusha ukuta juu yake. Jina nililisoma kwenye karatasi nikiwa nje."

"Alikuamini akalala," Ivy alisema.

"Nikaliona tena ubavuni mwa gari mnadani. Nilidhani watu wa jina hilo wako maelfu. Nilitaka sahani ya chakula tu, na yule mzee akanikumbatia." Akageuka kumtafuta mkewe. "Hester, miaka yote hii sikukudanganya jambo lingine."

Hester alikuwa ameegemea mlango tangu waingie. Hakuwa amelia. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yao karibu yaguse.

"Jina lako nani?" aliuliza.

"Leonard. Leonard Pask."

"Leonard Pask," alirudia Hester taratibu, akilionja mdomoni, kama mtu anayesalimiwa na mgeni njiani. Akainuka, akatungua aproni ukutani. "Inspekta, mtoe ndani ya nyumba ya baba yangu. Watoto watatoka shule sasa hivi, sitaki wamkute."

Wakamtoa. Huko nje ng'ombe walikuwa wanalia, maziwa yamewajaa, hakuna aliyewakumbuka tangu asubuhi. Hester alichukua ndoo akaenda zizini, akainamisha paji la uso ubavuni mwa ng'ombe wa kwanza na kuanza kukamua, na hapo ndipo mabega yake yalipoanza kutikisika. Baada ya muda mlango ukafunguliwa. Ivy aliingia, kitambaa cha maji kimefungwa shingoni. Alitafuta ndoo nyingine, akaikuta, akavuta kigoda cha pili.

"Sijawahi kukamua," alisema. "Nioneshe."

Hester akamshika mkono, akamwonesha.