Mwenye Chemchemi ya Lukwambe

Raya alinusa dawa ya josho kabla hajaliona josho lenyewe. Harufu ilikuwa kali, mbichi, kama ng'ombe wamepitishwa asubuhi ile. Akasimama njiani, begi begani. Ranchi ya Lukwambe ilifungwa miaka ishirini iliyopita, ng'ombe wa mwisho wakapakiwa kwenye malori yeye akiwa darasa la sita. Na josho, alipolifikia, lilikuwa limejaa mchanga na nyasi.

Mbele yake zilipangana nyumba thelathini za wafanyakazi, mabati yameng'olewa, mibono imeota vyumbani. Zahanati ilibaki kuta tatu. Mbali, milima ya Uluguru ilijifunika mawingu yake. Huku chini hakukuwika hata jogoo. Aliyebaki ni mmoja tu, baba yake, Mzee Mikidadi, zamani mkuu wa wachungaji. Wenzake wote walihama au walikufa. Yeye alikataa kuondoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja saa mbaya, mwanangu. Kaa ndani, na ukisikia jina lako usiitike."

Raya alidhani ni uzee. Alikuwa amekuja kumchukua, wakaishi wote kwake Mafiga, mjini, pamoja na mjukuu wake, Faraja, wa miaka minne.

Saa kumi alasiri, chuma kikagongwa. Raya alikijua: kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi kuwaita watu kazini. Alijua pia kwamba wakusanya vyuma chakavu walikwisha kukibeba. Kisha sauti ya mtu mzima, tulivu, ikaanza kuita.

"Andrea."

"Nipo," akajibu Mzee Mikidadi kutoka barazani.

"Godfrey."

"Nipo," akajibu tena, safari hii kwa sauti nzito, sauti ya Godfrey mwenyewe, aliyezikwa Kisaki.

Majina yakafuatana, wapishi, madereva, wachungaji, na baba yake akamwitikia kila mmoja, hadi likaitwa la Mikidadi, naye akalijibu kwa uchovu.

"Baba, ni nani huyo?" Raya alinong'ona.

"Mwenye chemchemi. Josho lilijengwa juu ya chemchemi yake. Wazee walikataza, wakubwa hawakusikia. Mwanzo aliua ndama. Baadaye akatuzoea. Tulipoanza kuondoka... Hapendi kubaki peke yake."

"Ndiyo maana umezeekea huku kwa ajili yake? Twende nyumbani, baba."

Alimbembeleza mpaka akakubali. Mzee naye alikuwa amechoka. Asubuhi wakaondoka.

Siku tatu zilikuwa njema. Mzee alicheka na mjukuu wake, akala, akalala. Siku ya nne, alasiri, Raya alikuwa uani akichambua mchicha pamoja na jirani yake, Scholastika, ambaye ghafla aliziba pua.

"Mama Faraja, nani kamwaga dawa ya mifugo?"

Raya aliuacha mchicha, akasikiliza. Chuma kilikuwa kinagongwa, karibu sana, na kwato zilikuwa zinapita nyuma ya ukuta, moja, kumi, mia, ingawa kichochoro kile hakipitishi hata mkokoteni, na sauti ile tulivu ikasema Andrea, ikangoja, ikasema Godfrey, ikangoja tena, na Mzee Mikidadi akakaa kwenye kigoda chake midomo imebanwa, jasho likimtiririka, huku kila jina lisiloitikiwa likiisogeza sauti hatua moja mpaka ikawa hapo hapo getini.

"Faraja."

Mtoto aliyekuwa akichezea mchanga akainua kichwa.

"Abee!"

Akasimama, akaanza kuelekea getini, uso ameuinua juu kama anayemtazama mtu mrefu. Raya alimshika mkono. Ulikuwa baridi mno, na mtoto alimvuta kwa nguvu ya fahali.

"Nipo!" Mzee akapiga kelele. "Mikidadi nipo! Narudi! Mwache mtoto!"

Kwato zikatulia. Faraja akaketi chini, akalia.

"Tumtafute shehe," Raya alimsihi baadaye. "Ninamjua mmoja, Abdulmajid, anatoa majini."

"Amtoe aende wapi? Kwa mtoto wa nani?"

Jioni Raya alikwenda kununua godoro.

Kesho yake walishuka kwenye basi Mikese, wakatembea hadi Lukwambe. Raya alijitwika godoro jipya. Mzee alibeba sufuria. Walipofika kwenye josho, baba yake alilitwaa godoro, akajitwika mwenyewe.

"Usinisindikize zaidi. Na usije tena, hata ukisikia nimekufa."

"Atakayekuzika ni nani, baba?"

Mzee alipita kwenye nyasi polepole, mgongo umeinama, hadi barazani kwake. Pale godoro likanyanyuka kichwani pake, likaelea, likaingia mlangoni taratibu, kama limepokelewa na mtu mwenye adabu.

"Ahsante," Raya alimsikia baba yake akisema.

Mzee akavua viatu, akaingia.