Gari Lisilo na Kiwanda

Mimi injini na gia boksi naviunganisha nikiwa nimefumba macho. Haya, niliunganisha mara moja tu, na macho yalifumbwa na oili. Zikabaki bolti tano mkononi, na lile gari sasa ni banda la kuku.

Lakini hata mimi nilikuwa na nafuu kuliko Kiroboto.

Kiroboto alikuwa jasusi. Bastola aliijua. Kuruka ukuta ndiko kulikompa jina. Yeye na spana hawakuwa hata wakisalimiana. Na saa nane mchana wa siku ile alikuwa amelala chini ya gari, ndani ya ovaroli ya kuazima, akijifanya fundi.

Kisikilizi kidogo kama punje ya mtama kilinong'ona sikioni mwake.

"Hapa Ofisi. Hali?"

"Mbaya," akajibu kwa mnong'ono.

"Dada yako?"

"Namwona."

Alimwona kweli. Dada yake wa tumbo moja, mkemia wa maabara, amefungwa kamba kitini, bastola ya mlinzi, Beretta, ikimgusa shingo. Wafanyamagendo wa dawa bandia walimteka akawachanganyie sumu zao ng'ambo ya mpaka. Gari walilijenga wenyewe kwa mabomba na mabati, bila namba, bila kiwanda, jembamba la kupita njia ya mbuzi. Lilikosa injini tu. Fundi wao alikamatwa asubuhi. Kiroboto akaingia badala yake.

"Vikosi vinafika saa kumi na nusu," Ofisi ikasema. "Chelewesha."

Mkubwa wao, aliyeitwa Miwani kwa kuwa hakuvua miwani ya jua hata ndani ya karakana, alimpiga teke kwenye soli ya kiatu.

"Fundi. Saa kumi injini isiponguruma, naanza na huyu mama. Wewe unafuata."

Akichelewa, dada anakufa. Akimaliza, dada anaondoka.

Akatoka chini ya gari, akaisogelea injini iliyokuwa sakafuni.

"Shafti ya gia boksi iingie katikati ya sahani ya klachi," Ofisi ikamwelekeza. "Usiivute kwa bolti, utavunja. Itikise."

Akaitikisa. Ikagoma. Akaibembeleza kama mtoto anayekataa dawa.

Ikagoma.

Saa ya Casio mkononi ilisema tisa na nusu.

"Wewe fundi au mkunga?" mlinzi akauliza. "Mbona unapapasa tu?"

"Huyu ni wa kwanza, bwana. Anakawia."

Tk!

Ikaingia.

Wakaiinua injini na gia boksi yake kwa winchi ya mnyororo, wakaiteremsha nyuma ya viti. Ekzosi ikagonga bomba la fremu. Haikai.

"Ofisi, inagonga. Niigeuze iangalie nyuma?"

"Sikiliza kwa makini. Ukiigeuza, lazima..."

Kimya. Betri ya kisikilizi imekata roho.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Akaigeuza. Ikakaa kama iliyozaliwa pale. Akakaza bolti, akachomeka shafti za magurudumu, akaunga nyaya za gia. Vidole vilitoka damu.

Saa kumi kamili, injini ilinguruma.

Alikuwa amefaulu. Yaani, amemuuza dada yake.

Dada alimtazama, machozi yakamtiririka bila sauti.

"Ngoja nilijaribu kwanza hadi getini," Miwani akasema, akiketi kwenye usukani.

Kiroboto akapiga magoti nyuma ya gari, akajifanya anatazama kama linavuja. Mkono wake ulitafuta bomba la petroli alichomoe. Lilikuwa mbali kwa vidole viwili.

"We! Unashika nini huko?" Mlinzi akamwacha dada, akamfuata.

Miwani akatia gia ya kwanza. Akakanyaga.

Gari halikwenda mbele.

Liliruka kinyumenyume kama punda aliyeumwa na nyigu. Injini ya namna ile ukiigeuza, magurudumu nayo yanazunguka kinyume. Gia zote za mbele zinakuwa za kurudi. Kiroboto alipiga ukelele, akaruka, akaacha kipande cha ovaroli kwenye ekzosi. Mlinzi hakuruka. Alitupwa ndani ya shimo la mafundi, Beretta ikabaki juu. Gari likabamiza ukuta, kisogo cha Miwani kikagonga bomba la fremu, naye akalala usingizi wa kitoto.

Kiroboto akaokota bastola. Akawafunga wote wawili. Akamfungua dada, akachukua simu ya Miwani, akaipigia Ofisi, akaweka sauti kubwa, akatoka naye nje taratibu, mkono mmoja mfukoni.

"Ofisi. Kazi imekwisha."

"Umefanyaje?"

"Niligeuza injini makusudi. Nilijua gari litarudi nyuma. Hesabu tu."

Dada yake alikuwa akisugua viganja vilivyokufa ganzi.

"Ulijua, mdogo wangu?"

"Tangu mwanzo, dada."

"Sasa mbona ulipiga magoti nyuma yake? Na ule ukelele, 'Mama nakufa!', nao ulikuwa kwenye hesabu?"

Simu ikakohoa.

"Kiroboto," Ofisi ikasema, "mjibu dada yako."