Kiu ya Siku ya Tamasha

Saa moja asubuhi choo kilitembea barabarani kwa miguu yake minane, kikasimama kwenye taa nyekundu kama raia mwema. Nyuma yake vilifuata vingine vitano. Songea ya mwaka 2094 ilishazoea roboti, lakini hata trafiki alipiga saluti.

Hivyo vilikuwa visitiri, uvumbuzi wa Mhandisi Skolastika Ngonyani. Kisitiri hakihitaji maji wala mtaro. Bakteria waliomo tumboni mwake hugeuza mkojo kuwa mbolea, na umeme wa kukitembeza. Akili unde yake huwahesabu wanawake uwanjani na kujisogeza walipo wengi. Baraza la mji lilitoa sharti moja: visipotumiwa na wanawake mia tano kwenye tamasha la kwaya, vinarudi karakana, na uwanja unabaki na kichaka chake, choo pekee cha wanawake.

Kufikia saa saba, wanawake elfu tatu walikuwa wameimba tangu asubuhi juani.

"Wangapi?" Skola aliuliza.

"Tisa," kisitiri kilijibu. "Sita waliingia kujitazama kwenye kioo."

Skola alimwendea shangazi yake Edeltruda, aliyekuwa ameegemea jukwaa, midomo imepasuka.

"Shangazi, mbona hamji? Vinanuka?"

"Vinanukia kuliko nyumba yangu, mwanangu. Haja ndiyo hatuna."

"Tangu asubuhi?"

"Nani anakunywa maji siku ya tamasha? Mimi tangu jana jioni sijagusa. Bibi yako alitufundisha hivyo, na mama yako kakufundisha wewe."

"Msamehe," mwimbaji mmoja alidakia. "Kasoma mpaka kasahau kichaka!"

Walicheka wote. Skola alitaka kucheka, ulimi ukamgandia kinywani. Naye alikuwa hajanywa kitu tangu jana.

Alichota maji kwenye ndoo iliyokuwa kando ya jukwaa, akanywa kikombe kizima mbele ya kwaya, akachota kingine akampa shangazi.

Edeltruda alikishika kwa mikono miwili. "Na baraza wakiviondoa?"

"Leo angalau tutakuwa tumekunywa."

Kikombe kilizunguka kwaya hadi kwaya. Saa nane na nusu kisitiri cha kwanza kilipiga magoti, kikamfungulia Edeltruda mlango.

"Kumi," kilitangaza.

Nyuma yake ilijipanga foleni ya choo, kitu ambacho Skola alisoma miaka kumi na miwili ili akiondoe duniani. Aliitazama ikirefuka, akajifuta macho, kisha akaenda kusimama mwisho wake.