Vipande Saba vya Okidi Nyeupe

Saa saba mchana, maji yalikuwa yamesimama katikati ya majani ya kila okidi bandani. Mkulima aliinama akayatazama. Yeye na mkewe walimwagilia alfajiri tu, ili jua likaushe majani kabla uozo haujapata nafasi. Alipomwuliza mkewe, alijibiwa kwamba ndoo haijaguswa tangu asubuhi, na kwamba labda mume wake ameanza kuzeeka kichwani kabla ya miguuni.

Siku ya tatu ikaja harufu, kama ya kitunguu kilichooza ndani ya mfuko, ingawa hapakuwa na mmea hata mmoja uliooza. Kisha sauti: chuma kikipita kwenye shina bichi, taratibu, mchana kweupe, na mkasi wao unaning'inia msumarini mbele ya macho yao.

Siku ya nne mkewe alivua kitambaa cha kichwa, akamwonyesha doa nyuma ya sikio. Lilikuwa jeusi, lenye majimaji, limezungukwa na duara la manjano. Mkulima alilijua: ni doa la okidi yenye ugonjwa. Alikuwa amelichora mwenyewe kwenye karatasi ya maelekezo wanayowapa wateja. Kufikia mwisho wa juma madoa yalikuwa saba. Dawa ya kupaka aliyotoa daktari haikufua dafu.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mfupi aliyekuja na kigoda chake. Alisema ameshakutana na majini wa kila tabia, ila huyu wa kupenda maua ni mgeni kwake. Hakuna aliyecheka. Akamlaza mgonjwa katikati ya vyungu vya okidi, akamsomea kwa sauti ya chini hadi jua lilipofika utosini. Mke akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa kavu, isiyo na haraka.

"Muulizeni alichochukua kwenye mti wa machimboni."

Mkulima alikiri kabla ya kuulizwa: kwamba mwezi uliopita alibandua okidi nyeupe kwenye mti mkavu kando ya machimbo ya mawe, akaigawa vipande saba ili auze upesi, na kwa kuwa wateja walikuwa wamesimama mlangoni hakupitisha mkasi motoni kama mkewe alivyomsihi kila siku, bali aliutoa kwenye mmea wenye virusi akauzamisha moja kwa moja kwenye ule mweupe, akijua, kabisa akijua, kwamba ugonjwa ule hauna dawa, na bado akawauzia watu huku akiwatakia heri.

"Nilimlea miaka mingi kuliko umri wa babu yako," sauti ilisema. "Ukamwua kwa uvivu. Nami nimekata kama ulivyokata."

"Unataka nini, mkubwa wangu?" mganga alinong'ona.

"Vipande vyangu virudi mtini, hata vikiwa vigonjwa. Kila kitakaporudi kimoja, nitaachia doa moja. Na lolote litakalokipata kipande, litampata na huyu mkeo."

Mkulima hakungoja mganga akunje kigoda. Alizunguka mji mzima akibisha milango, akiomba radhi, akibadilisha kila kipande kwa chungu bora zaidi. Alivifunga mtini kwa kamba ya katani. Kila alipofunga kimoja, mkewe alipiga simu kumweleza doa lililokauka: la goti, la bega, la kiganja. Kipande cha sita kilipofungwa alisema amekunywa uji, na anamsubiri mume wake wale pamoja jioni. Lilibaki lile la nyuma ya sikio.

Kipande cha saba kilikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mkulima alimkuta uani, kasimama kando ya pipa la chuma, kijiti mkononi, uso umejaa fahari.

"Fundi, umekuja wakati mzuri," mwalimu alisema. "Ua lako limeota madoa, nikafungua karatasi yako. Si mmeandika wenyewe kwamba lenye virusi lichomwe, lisiguse mengine? Ndio kwanza nimelitia motoni."

Mkulima aliingiza mkono pipani hadi kwenye kiwiko. Alichotoa kilikuwa majivu na uzi wa mzizi uliokuwa bado mwekundu kwa moto.

Simu ikaita mfukoni. Aliipokea kwa mkono mzima.

"Mume wangu," mkewe alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ya kunong'ona. "Nimefungua madirisha yote. Nani anachoma kitu humu ndani?"