Ngolo Kando ya Daraja

Serafina alikuwa mkulima hodari pale Maguu. Mume wake, Izidori, alifyeka majani na kuyapanga miraba shambani. Yeye aliyafukia kwa udongo na kuchimba mashimo katikati. Mashimo hayo, yaani ngolo, yalishika maji ya mvua ili udongo usiporomoke mlimani. Maharage yao yalistawi mpaka majirani wakawaonea wivu.

Mwaka huo baraza lilipitisha sheria. Mtu asilime wala kuchimba ndani ya vigingi vilivyowekwa kando ya barabara na madaraja. Serafina alicheka.

"Udongo mzuri hivi tuwaachie panzi?" alisema. Akachimba ngolo mpaka ubavuni mwa daraja.

Mvua zikanyesha. Ukingo wa daraja ukatitia, na lori la kahawa likakatazwa kupita. Hapo kicheko kikamwisha Serafina. Mkwewe, Rosa, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika njiani, Rosa akibebwa kwa machela. Safari hii sista wa zahanati alitaka ajifungulie hospitali ya misheni, na usafiri ulikuwa lori hilo tu.

Mzee Kilian, mnyapara wa barabara, akaja kukagua.

"Shikamoo, baba," alisema Serafina.

"Marahaba, mama. Ngolo hizi ni zako?"

"Ni zangu. Lakini ngolo hulinda udongo! Hata bwana shamba anazisifu."

"Huko mlimani, kweli. Ngolo hushika maji, yakazama polepole. Hapa yanazama wapi? Chini ya daraja. Udongo ukilowa haubebi lori. Sheria imewekwa kwa sababu hiyo, mama, si kuwanyang'anya shamba."

Machozi yalimlengalenga Serafina. "Kumbe ni mimi niliyemfungia Rosa njia!"

"Itafunguka, tukianza leo."

Serafina akamwita Izidori na majirani. Walifukia mashimo, wakashindilia mawe, wakachimba mfereji wa kupeleka maji mtoni. Ndani ya vigingi wakapanda majani. Kilian alikagua tena, akaliruhusu lori.

Rosa aliketi mbele, kando ya dereva. Serafina alisimama ng'ambo akisali rozari mpaka tairi za nyuma zikavuka salama.

Rosa alirudi na mtoto wa kiume, mnene, mwenye kelele za kutosha nyumba mbili.

Msimu uliofuata, jirani yao Kunigunda alianza kuchimba ndani ya vigingi. Serafina alimkimbilia, mjukuu mgongoni.

"Dada, rudi nyuma! Chimba kote, lakini si hapa. Huyu alipita hapa."